Umri wa Faili: Mafunzo Niliyopata Katika Saiba ya Majengo

Naendesha saiba, duka la huduma za kompyuta na intaneti, hapa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka soko la Gikomba. Anayeingia huwa ameshika bahasha ya kaki au simu yenye picha ya karatasi: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto anayeanza shule, fomu ya HELB ya mkopo wa masomo, PIN ya kodi ya KRA, barua ya chifu. Napiga skani, napandisha kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nachapisha, analipa, anaondoka. Karatasi yake anaondoka nayo. Faili inabaki kwangu.

Hiyo faili inayobaki ndiyo iliyonifundisha haya. Tangu tarehe 25 Novemba 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na kifungu cha 39 kinasema habari za mtu zisikae kwako kupita muda unaohitajika kwa kazi aliyokupa. Juni 2021 Wakenya wengi waliingia kwenye tovuti ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Kitambulisho cha mtu kikizagaa hakuna ajuaye kitafika wapi. Kwa hiyo nimeweka kanuni: skani ya mteja inakaa siku 30, pengine serikali ikimrudishia ombi lake atarudi, kisha inafutwa. Kanuni ni rahisi kuitamka. Kuitekeleza kunataka ujue faili ina umri gani, na Januari shule zinapofunguliwa huwezi kukagua mamia ya faili moja moja kwa kubofya. Kompyuta zangu zinatumia Linux, basi nikajifunza kuuliza umri kwa kuandika amri kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri.

1. Faili moja ina tarehe nne

Andika `stat kitambulisho.pdf` ubonyeze Enter. Kompyuta itakuletea jina la faili, ukubwa wake, ruhusa zake, na chini kabisa mistari minne ya tarehe: Access, Modify, Change na Birth. Kila mstari una saa hadi sehemu ndogo za sekunde, na mwishoni `+0300`, yaani saa za Afrika Mashariki.

Access ni mara ya mwisho faili kusomwa. Usiitegemee sana. Tangu mwaka 2009 Linux kwa kawaida haiandiki kila usomaji ili kuipunguzia diski kazi. Ikishaandika mara moja, inaweza kukaa saa 24 bila kuandika tena hata faili ikifunguliwa kutwa nzima. Modify ni mara ya mwisho yaliyomo ndani kubadilika, na hii ndiyo ninayoitumia. Change huwapotosha wengi wanaodhani ni tarehe ya kuundwa. Ni tarehe ambayo chochote kuhusu faili kilibadilika, ikiwemo jina au ruhusa. Ukiipa faili ya mwaka jana ruhusa mpya leo, Change itasema leo ingawa herufi moja ya ndani haikuguswa.

Birth ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Fikiria mtoto aliyezaliwa Hospitali ya Pumwani, ile iliyoanza 1926 kama nyumba ya uzazi ya Lady Grigg. Cheti chake kina tarehe ya kuzaliwa, na pia kina tarehe ya kusajiliwa, ambayo huenda ikawa miaka kadhaa baadaye mzazi akichelewa. Mstari wa Birth ni tarehe ya kusajiliwa: unasema faili iliandikishwa lini kwenye diski hii. Kama ilikuwa imeishi miaka mitano kwenye diski nyingine, mstari huo hauna habari.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza faili ina siku ngapi, amua unahesabu kuanzia wapi. Mimi nimeamua Modify, kwa sababu skani haibadiliki baada ya kuhifadhiwa. Anayeandikia watu barua na kuzirekebisha kila wiki anaweza kuamua vingine.

2. Mashine huanza kuhesabu saa tisa usiku

Tarehe tunayoiona kwenye skrini ni pambo. Ndani, Linux na ndugu zake wote wa ukoo wa Unix hushika namba moja tu: sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970 saa sita za usiku kwa saa za Greenwich. Kwa saa za Nairobi hiyo ilikuwa saa tisa usiku. Amri `date +%s` inakupa namba ya sasa hivi, na `stat -c %Y kitambulisho.pdf` inakupa namba ya Modify ya faili. Anayetumia Mac ataandika `stat -f %m`.

Umri, basi, ni kutoa na kugawanya. Siku moja ina sekunde 86,400. Amri nzima ni hii:

`echo $(( ($(date +%s) - $(stat -c %Y kitambulisho.pdf)) / 86400 ))`

Chukua mfano wa namba ambazo mtu anaweza kuzihakikisha mwenyewe. Faili iliyohifadhiwa kwenye sekunde ya 1700000000 ilihifadhiwa tarehe 15 Novemba 2023, saa saba na dakika 13 usiku, Nairobi. Ukiuliza umri wake kwenye sekunde ya 1750000000, ambayo ni tarehe 15 Juni 2025, saa kumi na mbili na dakika 6 jioni, tofauti ni sekunde milioni 50. Gawanya kwa 86,400 upate 578.7. Terminali itajibu 578. Hesabu hii ya ndani ya shell, programu inayosoma amri za terminali, haijui desimali, mabaki huyatupa. Ukitaka saa badala ya siku, gawanya kwa 3,600.

Sisi wa Nairobi tuna bahati moja katika hesabu hii: saa zetu hazisogezwi mbele wala nyuma kufuata majira, kwa hiyo kila siku yetu ina sekunde 86,400. Ndugu yangu aliye Uingereza ana Jumapili moja kila Machi yenye saa 23 na nyingine kila Oktoba yenye saa 25. Akihesabu siku za kalenda kwa kugawanya sekunde, anaweza kukosea kwa siku nzima kwenye kingo.

3. Siku thelathini za mteja na thelathini za `find`

Kuhesabu faili moja ni mazoezi. Kazi yenyewe hufanywa na amri ya `find`, inayopita folda nzima na kuchuja kwa umri. Wengi huandika `find ~/skani -type f -mtime +30` wakaridhika kwamba wamepata faili zote zilizopita siku thelathini.

Hawajazipata zote. `find` hugawanya umri katika vipande vya saa 24 na kutupa mabaki, kama ilivyofanya hesabu iliyotupa 578. Faili ya siku 30 na saa tano inahesabiwa kuwa 30. Alama ya `+` maana yake ni zaidi ya, na 30 haizidi 30, basi faili inaachwa. Itaguswa ikitimiza siku 31 kamili. Kama umemwahidi mtu thelathini, andika `-mtime +29`.

Siku moja inaweza kuonekana ndogo. Lakini ukishabandika ukutani karatasi inayosema skani hufutwa baada ya siku 30, neno hilo ni ahadi kwa watu wa mtaa, na ahadi inatimizwa kwa namba iliyobandikwa.

Vilevile `find` inahesabu kurudi nyuma kuanzia sekunde uliyobonyeza Enter. Ukiiendesha saa mbili asubuhi leo na saa nne usiku kesho, utapata mipaka tofauti. Anayetaka siku zianzie usiku wa manane aongeze `-daystart` kabla ya `-mtime`. Anayetaka tarehe kamili aandike `! -newermt "2025-06-01"`, nayo itamletea faili zote ambazo hazijapita mwanzo wa siku hiyo. Mimi napenda hii ya mwisho ninapofunga hesabu za mwezi, kwa kuwa naiona tarehe kwa macho yangu.

4. Orodhesha kwanza

`find` ina neno `-delete`. Likiwa mwishoni hufuta zilizochujwa. Likitangulia, amri inasomwa kutoka kushoto kwenda kulia na kila kitu kwenye folda kinafutwa kabla kichujio hakijafikiwa. Na terminali haina pipa la taka la kuokotea ulichotupa. Kwa hiyo naendesha amri bila `-delete`, nasoma orodha jina kwa jina, kisha nabonyeza mshale wa juu kuirudisha amri ileile na kuongeza neno hilo mwishoni. Kijana anayenisaidia hajaruhusiwa kuruka hatua hiyo, na hata mimi sijajiruhusu.

5. Nakala huanza maisha upya

Kati ya yote, hili ndilo ningemwambia kwanza mtu anayefungua saiba leo.

Ukinakili faili kwa `cp` tu, nakala inapata Modify ya sasa hivi. Faili ya miaka miwili inakuwa na umri wa sekunde moja. Ukihamisha folda yote kwenda diski mpya kwa njia hiyo, umezirudisha faili zote utotoni, na kanuni yako ya siku thelathini inaanza moja kwa watu ambao ulipaswa kuwa umewafuta zamani. Dawa ni `cp -p` kwa faili au `cp -a` kwa folda nzima. Zote mbili hubeba tarehe ya awali. `mv` ndani ya diski ileile haibadilishi Modify. `tar` hutunza tarehe za faili unapozifungua, na `unzip` pia, ingawa zip ya kawaida hupima kwa hatua za sekunde mbili.

Wateja wetu, lakini, hawaleti `tar`. Wanaleta WhatsApp. Picha ya kitambulisho iliyopigwa Machi, ikatumwa Mei, ikapakuliwa kwenye kompyuta yangu Juni, inakuja na tarehe ya Juni. WhatsApp inapotuma picha kama picha, huondoa maelezo ya kamera yaliyokuwa ndani, ikiwemo tarehe ya kupigwa. Ikitumwa kama waraka, maelezo hubaki. Kama yapo, `exiftool -DateTimeOriginal picha.jpg` itayasoma. Kama hayapo, tazama jina. Simu za Android huita picha hizo mfano `IMG-20240512-WA0003.jpg`, na hizo tarakimu nane ni tarehe ambayo picha ilipita WhatsApp, tarehe 12 Mei 2024. Jina hilo lina habari kuliko `stat`.

Flashi nazo zina mambo yake. Flashi nyingi zinazoning'inia kwenye funguo za watu huku zina mfumo wa zamani wa FAT, ambao huandika saa ya ukutani bila kusema ni saa za wapi. Flashi iliyoandikwa kwenye kompyuta yenye saa za Greenwich, ikisomwa kwenye ya Nairobi, inaweza kupotoka kwa saa tatu, sekunde 10,800. Kwa kanuni ya siku thelathini hilo si neno. Kwa mwanafunzi anayebishana na chuo kama kazi yake ilikamilika kabla ya saa sita usiku, ni neno kubwa, na nimeshamketisha mmoja pale kwenye benchi nikamweleza polepole kwa nini tarehe ya flashi peke yake haitamtetea. Nilimshauri atafute barua pepe aliyotuma, kwa sababu saa ya kufika kwake iliandikwa na seva ya mpokeaji wala si na kompyuta yake.

6. Ulizia saa kabla ya kuulizia umri

Hesabu yote hii ni kutoa namba mbili, na zote mbili zimetoka kwenye saa ya kompyuta. Kompyuta zetu nyingi mtaani ni za mtumba. Ndani ya kila moja kuna betri ya duara, CR2032, ukubwa wa sarafu, inayoshika saa umeme ukikatika. Ikifa, stima ikipotea na kurudi, kompyuta inaamka na tarehe ya miaka iliyopita hadi intaneti iisahihishe. Skani iliyofanywa katika dakika hizo inaandikwa kuwa ya kale. Asubuhi ni mpya, jioni `find` inaiona ina maelfu ya siku na kuiweka kwenye orodha ya kufutwa. Ndiyo sababu nyingine ya kusoma orodha: skani ya leo ikitokea kati ya za kale, unajua betri imekwisha.

`timedatectl` inaonyesha kama saa imelinganishwa na mtandao. Iendeshe kila stima inaporudi. Betri yenyewe ni ya bei ndogo na hubadilishwa kwa bisibisi.

7. Umri wa faili na umri wa karatasi

Pumwani ni mtaa wa mapema miaka ya 1920, na kuna familia hapa ambazo mababu zao walitoka mtaa wa zamani wa Pangani uliobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wengine wakapelekwa Shauri Moyo. Karatasi za nyumba hizo huletwa kwangu zimekunjwa mara nne, zimechanika kwenye mikunjo: risiti za kodi za enzi ya ukoloni, barua za baraza la jiji, vyeti vya ndoa vilivyoandikwa na kadhi. Mara moja nililetewa kipande, kile kitambulisho ambacho mwanaume Mwafrika alilazimishwa kuvaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati.

Nyanya aliyekileta alisimama nyuma ya kiti changu akitazama skrini.

"Mjukuu wangu, hiyo mashine imekiandika ni cha lini?"

"Imekiandika cha leo, nyanya."

"Cha leo? Huyo babu yako alikufa kabla ya uhuru."

Alikuwa na haki ya kushangaa. Kompyuta ilijua tu dakika ambayo skana ilimaliza kazi. Tangu hapo kila karatasi ya zamani naipa jina linaloanza na tarehe iliyoandikwa juu yake, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, mfano `1952-08-14-risiti-ya-kodi.pdf`. Kwa mpangilio huo folda hujipanga yenyewe kwa umri wa karatasi, na jina husafiri na faili hata ikipitia WhatsApp kama waraka, ikinakiliwa ama ikitiwa kwenye flashi.

Linux, kwa taarifa yako, inaweza kuhesabu kabla ya 1970 pia. Inatumia namba hasi. Kwa kompyuta ya Nairobi, `date -d 1963-12-12 +%s` inajibu -191127600. Hizo ndizo sekunde zilizokuwa zimebaki kufikia mwanzo wa hesabu ya mashine bendera ya Kenya ilipopandishwa. Unaweza hata kuipa faili tarehe hiyo kwa `touch -d`. Mimi sifanyi hivyo. Tarehe ya faili niiache iseme ukweli wa faili, na jina liseme ukweli wa karatasi. Urahisi huo wa `touch` unafundisha jambo la pili: mtu akikuonyesha tarehe ya faili kama ushahidi katika ugomvi wa nyumba au urithi, kumbuka kwamba inabadilishwa kwa mstari mmoja wa amri.

Kwa upande wa pili wa kalenda, mashine za zamani zinazoshika sekunde hizi kwa biti 32 zitafika mwisho wa namba tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi hapa kwetu. Kompyuta za biti 64 hazina shida hiyo. Anayenunua mashine ya mtumba ya kudumu nayo aulize.

8. Kufuta kwenye folda hakumalizi

Folda zangu hazina umri mmoja wa kufa. Skani za wateja ni siku 30. Risiti na hesabu za biashara zangu mwenyewe hukaa, kwa kuwa sheria ya taratibu za kodi inanitaka nizitunze miaka mitano. Karatasi za wazee ambazo familia imeniomba niwawekee ziko kwenye folda yake, ambayo `find` ya kufuta haielekezwi kamwe. Kila folda ina amri yake, imeandikwa kwenye daftari kando ya kibodi.

Halafu kuna nakala ambazo amri haizifikii. Skani uliyoituma kwa barua pepe iko kwenye zilizotumwa. Picha uliyoifungua kutoka WhatsApp ya kivinjari iko kwenye folda ya vilivyopakuliwa, na mara nyingi mteja ameacha akaunti yake wazi. Faili uliyoifuta kwa kubofya iko kwenye pipa la taka la kompyuta. Kwa hiyo amri yangu ya usiku inapita pia folda ya vilivyopakuliwa na pipa, na kivinjari kimewekwa kisahau kila kitu kinapofungwa. Barua pepe naipitia kwa mkono kila Ijumaa kabla ya swala.

Nawaomba wenzangu wa saiba kuanzia Digo Road hadi Gikomba waiendeshe leo jioni amri moja tu, bila kufuta chochote: `find ~ -name "*.pdf" -mtime +29`. Someni majina yatakayotokea. Hao ni majirani zetu, na kazi waliyotupa iliisha zamani. Nawe msomaji, utakapokwenda kuskani kitambulisho, muulize mwenye saiba kitakaa kwake siku ngapi, na umwombe akuonyeshe jinsi anavyozihesabu.